Kutoka Warsha hadi Karakana

Mhadhara wa kwanza niliouandaa Dodoma ulimalizika saa saba na nusu mchana, lakini watu hawakuondoka. Nilidhani wameguswa na mada, nikaanza kupita katikati ya viti nikiwashukuru mmoja mmoja, mpaka bwana mmoja mwenye shati la drafti aliponiuliza kwa upole kama karatasi ya kusaini iko mlango wa mbele au wa nyuma. Alikuwa anasubiri posho. Wengi wao walikuwa wanasubiri posho, na sikuwa na haki ya kuwalaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeandika neno “warsha” kwenye bango, na katika mji huu neno hilo lina maana inayojulikana: ukumbi wenye kiyoyozi, chupa ya maji na kalamu mezani, chai ya saa nne pamoja na sambusa, hotuba ya ufunguzi, orodha ya mahudhurio, na bahasha wakati wa kuondoka. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, warsha zilihamia pamoja nayo, na mkazi wa hapa amezijua kama mkulima anavyoyajua mawingu, yapi yana mvua na yapi yanapita tu.

Mimi si mhadhiri. Ninaishi kwa kupiga picha na video za harusi, sendofu, vipaimara na mahafali, na studio yangu ni chumba kimoja karibu na soko la Majengo, chenye kompyuta ya mezani, mashine ya kuchapa picha, na pazia la bluu ambalo wateja wengi huamini kuwa ni bahari. Wazo la kuandaa mihadhara ya wazi kuhusu sanaa za kidijitali lilitokana na vijana waliokuwa wakija kunisaidia kuhariri. Walikuwa wepesi kuliko mimi katika kubofya, lakini ukimuuliza mmoja wao kwa nini rangi ya kitenge imebadilika, alikujibu kwamba programu ndivyo inavyofanya. Nikaona wanahitaji mtu wa kuwaeleza undani wa mambo. Nikamtafuta mtoa mada, nikaazima ukumbi, nikatengeneza lile bango.

Mtoa mada alikuwa msomi wa kweli na alikuwa amejiandaa. Alitueleza kwamba mwaka 1965 Georg Nees alionyesha mjini Stuttgart, Ujerumani, michoro iliyochorwa na mashine kwa maelekezo ya kompyuta, na kwamba mwaka huohuo A. Michael Noll na Béla Julesz walifanya onyesho lao New York. Akapita London ya mwaka 1968, ambako Jasia Reichardt aliandaa onyesho kubwa la sanaa na kompyuta. Akafika mwaka 2001, Casey Reas na Ben Fry walipoanzisha Processing, lugha ya kuandikia programu iliyotungwa kwa kuwafikiria wachoraji na wabunifu. Yote yalikuwa sahihi, na karibu yote yalitupita kushoto. Jambo moja tu liliamsha ukumbi. Aliposimulia habari za msanii wa kike, Vera Molnár, ambaye kabla ya kupata kompyuta mwaka 1968 alikuwa amezoea kujiwekea masharti kwenye karatasi na kuyatii hatua kwa hatua kana kwamba yeye mwenyewe ni mashine, mama mmoja mfumaji wa vikapu kutoka Singida aliinua mkono.

“Huyo mama anahesabu kama sisi,” alisema. “Ukikosea uzi mmoja chini, ua linakataa kufunga juu.”

Lilikuwa swali lisilo na alama ya kuuliza, na ndilo lililopaswa kuchukua saa nzima iliyobaki. Lakini ratiba ilikuwa imebana, mtoa mada akamshukuru mama, akaendelea na slaidi ya thelathini na kitu, nami niliyeketi pembeni na saa mkononi ndiye niliyempa ishara aendelee. Wiki iliyofuata walikuja watu kumi na mmoja. Mama wa vikapu hakuwa miongoni mwao, na mpaka leo sijampata tena.

Kijana wangu mmoja wa studio ndiye aliyetoa ushauri ambao nilichelewa kuuelewa. Alisema, “Mama, tuache hili neno warsha. Tuite karakana.” Nilicheka, kwa sababu karakana kwangu ni mahali pa kutengenezea magari, penye mafuta machafu sakafuni na mtu aliyelala chini ya lori. Kumbe ndivyo alivyotaka. Kiswahili kimetutenganishia vitu viwili: warsha ni mahali unapoketi na kuandika, karakana ni mahali ambapo kitu kibovu kiko juu ya meza na watu wamekizunguka. Tukabadilisha bango. Posho haikuulizwa tena, na waliokuja walikuja na vitu mikononi: kamera iliyokuwa ikipiga picha za manjano, simu iliyojaa, spika inayokoroma, redio ya babu. Tukaweka na sharti moja kwamba hakuna mhadhara kabla mikono haijakwama. Mtu hufanya kwanza, hukwama, na pale alipokwama ndipo mwenye maarifa anaposimama kueleza kwa dakika ishirini, asizidi.

Siku ya kukutania ilitutoa jasho kuliko mada zenyewe. Jumamosi iliwafungia nje Wasabato, Jumapili iliwafungia nje wanakwaya, Ijumaa ilikuwa ngumu kwa Waislamu, na mwisho tukaangukia Alhamisi saa kumi na moja jioni, tukijua kwamba tumewapoteza mama ntilie, kwa kuwa hiyo ndiyo saa yao ya kuwasha moto. Kuhusu umeme, projekta ya kuazima na madirisha yasiyo na mapazia, inatosha kusema kwamba kanga nne zilizopishanishwa hutia giza la kutosha.

Mazoezi ya kwanza ya karakana yalihusu kazi yangu mwenyewe. Nilimwomba kijana mmoja mweusi wa ngozi avae kanzu nyeupe, asimame mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kisha kila mmoja ampige picha kwa chombo alichonacho bila kurekebisha chochote. Picha zote zilitoka na kanzu ya kijivu na uso usio na macho. Kila mpiga picha za harusi wa nchi hii anaijua adha hiyo: bibi harusi mwenye gauni jeupe chini ya hema jeupe, na ukirudi studio unakuta umepiga gauni, hukupiga mtu. Tulipokwama hapo ndipo nilipoeleza kwamba kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, hurudisha mwanga wa kijivu cha wastani, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa asilimia 18 ya mwanga unaoingia. Kwa hiyo kikiona weupe mwingi, hupunguza mwanga ili weupe huo uwe kijivu, na uso mweusi huzama pamoja nao. Dawa yake ni kupima mwanga usoni na kuliacha gauni lijitetee, au kuongeza mwanga kwa makusudi hatua moja au moja na nusu kupita pale kamera inapotaka. Walirudia. Macho yakaonekana. Kijana mwenye kanzu alijitazama kwenye kioo cha simu ya mwenzake, akaomba atumiwe.

Baada ya hapo walikuwa tayari kusikia historia, na safari hii historia ilikuwa na mahali pa kukaa. Niliwaeleza kwamba kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na rangi ya ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha ngozi iliyotoka vizuri. Hakuna aliyeandika notsi, lakini walinyamaza kwa namna ambayo mwalimu huitambua.

Katika ukimya huo nilijikuta nikikiri jambo ambalo sikulipanga. Kwa miaka kadhaa, katika kila albamu ya harusi niliyoitengeneza, nilikuwa nikiwang'arisha maharusi bila kuombwa, nikisukuma kitelezi kimoja cha kuongeza mwanga kwenye programu, kidogo, kisha kidogo tena, kwa sababu wateja walirudi wakifurahi. Siku moja bibi mmoja kutoka Mpwapwa aliletwa studio na wajukuu zake kuchukua albamu, akaifungua katikati, akaweka kidole juu ya uso wa mjukuu wake aliyekuwa amesimama hapohapo nyuma yake, akauliza, “Na huyu ni nani?” Wote tulicheka. Mjukuu alicheka kwa kuchelewa kidogo. Niliwaonyesha wanakarakana kitelezi chenyewe na hesabu inayofanyika nyuma yake, jinsi kinavyoongeza thamani ya kila nukta ya picha kati ya sifuri na 255, na jinsi nukta zilizofika 255 zinavyofanana zote na kubaki hivyo, hata ukirudisha kitelezi baada ya kuhifadhi.

Funzo kubwa kuliko yote lilitoka Chamwino. Kijana mmoja katika kundi letu alikuwa ameisikia ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa mara ya kwanza kupitia rekodi za Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka sauti hiyo duniani na kufariki mwaka 2003, naye aliona aibu kuwa ameisikia kwenye kompyuta kabla ya kuisikia nyumbani. Akatuunganisha na mzee mmoja wa ukoo wao, mpigaji na fundi wa ilimba, na Alhamisi moja ya mwezi Agosti tukahamishia karakana chini ya mbuyu kijijini kwake. Tulisalimia kwa “mbukwenyi” yenye matamshi ya mjini, wazee wakaitika wakitabasamu, kisha tukapambana na upepo. Anayeujua upepo wa Dodoma wa kiangazi ataelewa kwa nini maikrofoni yetu ilivishwa soksi mbili za mpira wa miguu.

Rekodi ilikuwa na uvumi wa upepo, na kijana aliyepewa kuisafisha alitumia Audacity, programu ya bure ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000. Kazi yenyewe huenda hivi: unaichagulia programu kipande ambacho unaamini kina kelele peke yake, nayo hukipasua katika vipande vyembamba vya masafa, kuanzia sauti nene hadi nyembamba, na kwa kila kimoja huweka kizingiti; kisha hupitia rekodi nzima na kushusha kila kilichoshindwa kuvuka kizingiti chake. Kijana alichagua sekunde mbili za mwisho, baada ya wimbo kuisha, akaweka kiwango cha desibeli 24, ambacho hushusha ukubwa wa wimbi hadi karibu moja ya kumi na sita. Upepo ukatoweka. Sauti ikawa safi kama maji ya chupa, tukampelekea mzee kwa fahari.

Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, “Mmeipiga vizuri. Ila hii si ilimba yangu. Hii imekufa.”

Ilimba ya Wagogo ina tundu kwenye ubao wake, na juu ya tundu hilo fundi hubandika utando mweupe wa buibui, ule ambao buibui hufunikia mayai yake. Vyuma vikitetemeka, utando hutetemeka nao na kutoa mlio wa kuvuma, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Mlio huo ndio uhai wa chombo. Fundi anaweza kushinda siku nzima akitafuta utando unaoutoa sawasawa. Katika zile sekunde mbili za mwisho, upepo haukuwa peke yake: noti ya mwisho ilikuwa bado inafifia, pamoja na mvumo wake. Programu ikaelezwa kwamba mvumo ni kelele, nayo ikatii, ikaufuata katika wimbo mzima na kuung'oa popote ulipokuwa chini ya kizingiti.

Nimefanya kazi ya sauti na picha kwa zaidi ya miaka kumi, na sikuwahi kujiuliza ni nani anayeamua kelele ni ipi. Jioni hiyo mhadhara ulijiendesha wenyewe. Tulieleza kwa nini tunapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwamba kipimo hicho kinatosha kubeba masafa hadi hezi 22,050, yaani mitetemo 22,050 kwa sekunde, juu kidogo ya hezi 20,000 ambazo ndizo ukomo wa sikio la binadamu. Tukaeleza kwamba simu ya sauti ya kawaida kwa muda mrefu imebeba kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na ndiyo maana ilimba iliyopigwa kwa shangazi aliye Dar es Salaam kupitia simu humfikia ikiwa vyuma vitupu. Neno kizingiti halikuhitaji kufafanuliwa. Kila mtu ameingia nyumbani akavuka kizingiti. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema kwamba kosa letu lilikuwa kukiinua mno, mpaka watoto wa nyumbani wakashindwa kuingia.

Wenzangu wakauliza kwa nini hatukurudia tu kwa kuchagua kipande cha upepo mtupu. Tulirudia, kwa desibeli 6, tukabakiza upepo kiasi, na mzee aliukubali kwa sharti la kusemwa. Akataka kila anayesikiliza aambiwe kwamba kuna kitu kimepunguzwa. Akauliza pia, na hakuuliza kwa mzaha, rekodi hii sasa ni ya nani. Sikuwa na jibu la haraka. Tulitenga Alhamisi mbili nzima kusoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inamtambua mtunzi, inamtambua mtumbuizaji, na ina sehemu yake inayolinda sanaa za jadi zisizo na mtunzi mmoja. Vipindi hivyo vilikuwa vikavu, nakiri, na vilihudhuriwa na watu wachache kuliko vyote. Lakini mwishowe tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tukamsomea mzee kwa sauti, akabadilisha mistari miwili ndipo akaweka sahihi. Faili halisi lilibaki kwake ndani ya kadi ya kumbukumbu, likiwa halijabanwa. Sauti ya njia mbili isiyobanwa huchukua karibu megabaiti 10 kwa dakika, na kwa bei ya bando si kitu cha kutumiana ovyo.

Kolo, kijiji kilichoko Kondoa, ilitufundisha upande wa pili wa jambo hilohilo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis waliifanyia kazi ya kuinakili kwa mkono, wakifuata kila mstari. Sisi tulikwenda na simu. Mwongozaji wetu alituonya kabla hatujatoa hata kamera moja mfukoni: wako wageni waliowahi kuimwagia maji michoro ili rangi ing'ae kwenye picha, na maji hayo huondoka na sehemu ya kilichong'aa. Tuliporudi, tulizipitisha picha zetu katika DStretch, programu iliyotungwa na Jon Harman, ambayo huchukua tofauti ndogo za rangi ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha na kuzivuta ziwe kubwa. Mahali tulipoona doa la kutu, wakatokea watu warefu wenye vichwa vya duara. Ukumbi mzima ulisimama.

Ila rangi zilizotokea, zambarau na kijani cha kung'aa, ni za hesabu ya programu, si za mchoraji. Kabla sijamaliza kueleza, kijana mmoja alikuwa amekwisha kuirusha picha mtandaoni na kuandika kwamba wahenga wa Kondoa walichora kwa zambarau. Aliifuta, lakini wengine walikuwa wamekwisha kuisambaza. Chamwino tuliondoa kilichokuwapo, Kolo tukaweka kisichokuwapo, na tangu hapo kila kinachotoka karakana kwetu huambatana na mistari mitatu inayoeleza kilipigwa kwa chombo gani, kimefanyiwa nini, na aliyekiona kwanza amesema nini. Vijana huilalamikia mistari hiyo. Huiandika hata hivyo.

Mzee wa Chamwino sasa huja mjini mwenyewe, akipata usafiri. Mwezi uliopita alikuja na ilimba mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ambayo wakati fulani alikosa buibui akabandika kipande cha mfuko wa rambo, na mfuko huo amebaki nao tangu kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019. Nyingine ilikuwa mpya, yenye utando wa buibui. Alitaka kuona kama mashine inaweza kuwaonyesha wajukuu tofauti ambayo wao wanadai hawaisikii. Tulizirekodi moja baada ya nyingine, tukafungua picha ya masafa, ile ambayo sauti nene hukaa chini na nyembamba huenda juu, na tofauti ilionekana: ya rambo ilikuwa kama mistari iliyochorwa kwa rula, ya buibui ilikuwa na ukungu juu ya kila mstari. Niliichapa kwenye karatasi ya albamu za harusi, nikaweka alama ndogo mahali ambapo kijana wetu, kwa kutumia kipimo cha programu, alisema mvumo unaanzia.

Mzee aliishika karatasi mbali na macho kama wanavyofanya wazee. Akaomba arudishiwe sauti, akasikiliza mara mbili, akaomba kalamu, kisha akachora mstari wake karibu nusu sentimita kushoto kwa alama yetu. Kijana alikuza picha kwenye kompyuta, akasogea, akakuza tena. Mvumo ulikuwa umeanza pale pale penye wino wa kalamu, hafifu kiasi kwamba programu ilikuwa imeuhesabu kuwa upepo.

“Andikeni na hiyo,” alisema, akaanza kuzifunga ilimba zake kwenye kitambaa.

Kijana akaandika, katika mstari wa tatu.